Bakuli Lililofunguka

Wajima, 22 Januari 1984

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa wiki mbili nzima bila kukuandikia. Sikusahau. Siku ya tatu tu baada ya kufika mikono ilinivimba, vidole vikawa kama viazi, na jicho la kushoto likafunga kabisa. Ni huu utomvu wa mti wa urushi ambao ndio gundi yenyewe ya kuungia bakuli. Ukiwa mbichi unawasha kuliko upupu. Mzee Bunzo anasema kila mwanafunzi lazima utomvu umsalimie kwanza, na kwamba mimi umenisalimia kama mgeni wa heshima. Hapa kwenye nyumba ya wageni, wote walicheka. Mimi sikuweza hata kucheka, mashavu yalikuwa yanauma.

Shuhei ni mzima. Kwa siku sita sikuruhusiwa kumshika. Wakati wa kunyonya, Itsuko, mwenye nyumba hii, alikuwa ananifunga taulo safi mikononi mpaka viwikoni, kisha ananiwekea mtoto kifuani. Shuhei alikuwa ananyonya huku ananikodolea macho, kama anauliza huyu mwenye uso wa boga ni nani.

Utaratibu wetu ni huu. Asubuhi najifunza kwa Mzee Bunzo, baba yake Itsuko, kwenye chumba cha nyuma karibu na kuni. Mchana naosha vyombo vya wageni na kupiga deki korido, na hayo ndiyo malipo ya chumba na chakula. Mzee hatengenezi tena vyombo vya watu, mkono wake unatetemeka. Anafundisha tu. Nilipomwomba angalau aliunge yeye bakuli la Baba, alisema, "Mkono wangu utalivunja mara ya pili. Wako umechoka, lakini hautetemeki."

Vipande vyote vinne nimeshavikwangua kingo, kesho naunga. Ila ukingoni pana pengo dogo, kama mbegu ya tikiti. Tafadhali angalia chini ya kabati, huenda kipande kimebaki.

Sasa lile jambo letu. Ulisema siku ya ibada ya mwaka wa saba ya Baba, tarehe 26 Februari, Kayo atapiga magoti mbele ya ukoo aombe radhi kwa kuvunja bakuli la babu yake. Nilikuomba kwamba nikilirudisha zima kabla ya siku hiyo, jambo hilo life. Ulinyamaza, nami nikaondoka nikidhani kunyamaza kwako ni ndiyo. Naomba uniandikie hiyo ndiyo kwa kalamu. Kayo wangu ana miaka mitano, Mama. Watu ishirini ni wengi kwa mtoto wa miaka mitano.

Simu ya hapa iko koridoni, kila mgeni anasikia. Ndiyo maana naandika.

Mkweo,
Chizuru

*

Kanazawa, 26 Januari

Chizuru,

Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na mti wa plamu wa uani una macho mawili tu ya maua. Katika nyumba hii barua huanza na majira, hata mtu akiwa na haraka. Ulipoolewa hapa nilikufundisha. Labda umevimba mpaka kumbukumbu.

Pole kwa mikono. Nimekutumia kachumbari ya figili, dawa ya kupaka na soksi za sufu. Kipande kidogo sijakiona. Fagio limeshapita mara nyingi.

Kayo anakwenda shule ya chekechea kila siku. Anakula, lakini anakataa kushika bakuli. Supu anainywea kwenye kikombe cha plastiki cha safari, kile cha manjano. Nimemwacha.

Kuhusu hiyo ndiyo unayoitaka, sikuahidi kitu. Kuvunja ni ajali. Kusema uongo ni jambo jingine. Mtoto aliyekamatwa na vipande miguuni, anaangaliwa usoni, anasema "lilifunguka lenyewe", huyo asipofundishwa akiwa na miaka mitano atafundishwa na walimwengu. Mume wako akiwa Sapporo kikazi na wewe huko, kazi hiyo imebaki kwangu. Kila jioni kabla ya kuoga tunafanya mazoezi ya kuinama. Maneno ameshayashika.

Shangazi yenu Fumi amethibitisha kuja. Anasema baada ya miaka sita ya kumkatalia, safari hii lazima chai inywewe kwenye bakuli la kaka yake. Ilibidi nimwambie lilivyovunjika na aliyelivunja. Yeye ni mwalimu wa taratibu za chai tangu kabla hujazaliwa, atajua mara moja kama kazi yako ni ya kweli au ya kubahatisha.

Funga kifua cha mtoto vizuri, huko upepo unatoka baharini.

Tokie

*

Wajima, 2 Februari

Mama,

Theluji ipo. Nimeanza na majira.

Nimeharibu. Bora nikwambie mwenyewe. Barua yako iliyosema mmefika kwenye mazoezi niliisoma nikiwa nimesimama, na siku ile sikuweza kufanya kitu kwa utulivu. Bakuli lilikuwa limeungwa siku tano, limefungwa uzi, limelala ndani ya sanduku lake la mbao lenye vitambaa vya maji. Nililigusa kwenye maungio, bado linanata. Nikaona vile vitambaa vilivyolowa, nikajisemea kitu gani kitakauka humu. Nikalitoa, nikaliweka karibu na jiko la mafuta ya taa usiku mzima, pale ninapoanika nepi.

Asubuhi vipande vilikuwa vimeteleza. Kimoja kilining'inia kwenye uzi kama jino la mtoto.

Mzee Bunzo hakupaza sauti. Alikaa chini, akanitazama, akasema, "Mama Shuhei, utomvu si nepi. Haukauki kwa moto. Unakunywa maji ya hewani, ndipo unakuwa mgumu. Wewe umeuweka jangwani, ukauambia kunywa."

Basi tumeanza upya. Anasema nikiunga wiki ijayo, na nisipolishika tena kwa wasiwasi, litakuwa limeshikana kabla ya ibada. Lakini dhahabu inayopakwa mwisho juu ya maungio haitawahi. Litarudi na michirizi ya kahawia tu.

Kuna jambo jingine. Leo asubuhi nimevaa soksi ulizotuma. Kwenye kidole cha ile ya kulia kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nyingi. Nadhani hujui, kwa hiyo nakuandikia kama ilivyo, ila herufi tatu zilizogeuka nyuma nimezinyoosha:

"Mama. Niliinua tu. Lilifunguka. Sikulitupa. Bibi anasema nisiseme hivyo. Shuhei ananikumbuka? Usimshikishe yeye vitu."

Sijui la kufanya na karatasi hii. Nimeiweka ndani ya nguo yangu. Nakuomba, simamisha mazoezi mpaka nirudi. Siombi kwa ajili ya bakuli.

Chizuru

*

Kanazawa, 5 Februari

Chizuru,

Barafu imening'inia kwenye paa, urefu wa mkono.

Kumbe mtoto anaficha barua kwenye soksi. Tazama anavyojifunza haraka ukimlegezea. Karatasi hiyo haibadili kitu. Vipande vilikuwa miguuni pake, na mimi nilikuwa mlangoni.

Kama bakuli haliwezi kukamilika, rudi. Lifunge kwenye kitambaa jinsi lilivyo. Litawekwa mbele ya picha ya Baba, Kayo atainama mbele yake, dakika mbili, mambo yameisha. Umelivika jambo dogo kanzu kubwa. Jirani ananiuliza mke wa Masanori yuko wapi na mtoto mchanga katikati ya baridi, nami nachoka kutafuta majibu.

Acha kukwangua. Rudi.

Tokie

*

Wajima, 8 Februari

Mama,

Leo sina majira.

Sikuacha kukwangua. Ili kuunga upya lazima kingo zote zirudi kuwa udongo mtupu, kwa hiyo nimekaa siku tatu na kisu kidogo na mafuta ya tapentaini, Shuhei mgongoni kwa Itsuko. Mara ya kwanza nilikwangua harakaharaka mtoto akilia, sikuona kitu. Safari hii, jana, chini ya utomvu uliolainika kilitoka kitu kingine. Kijingozi chembamba, cha njano, kinang'aa, kama ganda la kitunguu saumu. Kilivutika mzimamzima kutoka mwanzo wa ukingo mpaka mwisho.

Nikampelekea Mzee Bunzo kwenye kidole. Alikinusa tu. Akasema ni gundi ya dukani, ya kwenye bomba, na si ya juzi. Imegeuka njano, na vumbi la miaka limeingia pembeni yake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilidhani wewe ndiye uliyeipaka. Watu wengi huja hapa na chombo na siri yake. Mimi naunga chombo." Kisha akaniambia nikwangue na kingo zilizobaki nione. Nimekwangua zote, Mama. Zote zina gundi, hakuna hata moja iliyo mpya. Pengo la ukingoni pia lina gundi ndani yake, maana yake kile kipande kilikosekana tangu wakati huo.

Sasa nisikilize. Bakuli hili lilivunjika zamani, likagandishwa, likarudishwa kabatini. Gundi ile ilichoka. Siku ulipolishusha ulipanguse kwa ajili ya ibada, ukaenda mlangoni kumpokea mtu wa maziwa, Kayo aliliinua kutoka mkekani kwa mikono miwili kama ulivyomfundisha. Likafunguka. Ndivyo alivyosema siku ile, na ndivyo alivyoandika kwenye karatasi ya ndani ya soksi. Mtoto wangu hakuvunja kitu, na hakusema uongo.

Simtuhumu mtu. Masanori hakuwahi kuligusa, mimi sikuwahi. Baada ya mazishi ulituambia hakuna atakayelifungua sanduku la bakuli kule kabatini, tukatii. Nakuuliza swali moja tu. Nani alilipaka gundi?

Na jambo moja siulizi, nasema. Kayo hatapiga magoti. Wala mazoezi ya jioni hayapo tena kuanzia barua hii itakapokufikia.

Chizuru

*

Wajima, 14 Februari

Mama,

Siku sita bila jibu. Juzi nilipiga simu nikiwa koridoni na wageni wawili wanavaa viatu, ukasema "mtoto mzima, tunakula", ukakata.

Sijamwandikia Masanori. Sijamwandikia Shangazi Fumi. Nataka ujue kwamba kalamu ninayo na anwani zao ninazo, na bado sijaandika, kwa sababu jibu hili nataka litoke kwako. Lakini siwezi kusubiri mpaka tarehe 26.

Bakuli linashikana vizuri. Sasa naloanisha vitambaa asubuhi na jioni.

Chizuru

*

Kanazawa, 15 Februari

Chizuru,

Ni mimi.

Masanori alipokuwa anarudi kazini na wewe una mimba ya Kayo, mnakumbuka Baba alikuwa amelazwa. Alichoka na chai ya pale, alisema ina ladha ya sabuni. Jumatatu akaniambia, "Tokie, kesho niletee bakuli langu na unga wa chai, nikoroge mwenyewe." Nilifurahi, maana alikuwa hajaomba kitu wiki nzima. Asubuhi nililiosha. Maji yalikuwa ya barafu, vidole vyangu havikuwa na hisia, likagonga bomba.

Nilikwenda mikono mitupu. Nikamwambia nimesahau. Jioni nikanunua gundi, nikaligandisha, maelekezo yakasema siku mbili. Jumatano nikamwambia nimesahau tena. Alicheka. Akasema, "Umeanza kuzeeka kabla yangu, sasa nani atamtunza mwenzake." Nikamwambia kesho, bila kukosa. Alhamisi alfajiri simu ikalia.

Msibani niliweka bakuli karibu na jeneza. Fumi alililia. Akanishika mkono mbele ya watu akasema, "Angalau wewe ulimnywesha kwenye bakuli lake mpaka mwisho." Nikasema ndiyo. Ningesema nini, na watu wote wanatazama? Ndiyo hiyo moja nimeibeba miaka sita, na kwa ajili yake nikawakataza kulifungua sanduku. Fumi alipong'ang'ania chai ya mwaka huu sikulala. Lilipodondoka miguuni pa mtoto, nakwambia kweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Mtoto aliposema "lilifunguka", katika nyumba nzima mimi peke yangu nilijua kwamba anasema kweli. Na mimi ndiye niliyemwambia asiseme uongo.

Nilipopata barua yako ya tarehe nane niliendelea na mazoezi siku mbili zaidi. Nakwambia hilo ili usiwe umebaki na kitu cha kugundua. Siku ya pili aliinama, akakaa pale chini muda mrefu, kisha akaniuliza, "Bibi, nikishaomba radhi mikono yangu itapona?" Hatukufanya tena.

Kipande kidogo ninacho. Nilikikuta baadaye kwenye sinki. Kiko kwenye droo pamoja na miwani ya Baba. Nilikudanganya kuhusu fagio.

Fanya unavyoona. Ukimwandikia Fumi sitakulaumu.

Tokie

*

Wajima, 18 Februari

Mama,

Theluji ya paa la jikoni imeanza kuteremka vipande vizimavizima, na kila kinapoanguka Shuhei anashtuka halafu anacheka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nasugua sufuria, nikailowesha. Sikumwonyesha mtu. Nimekaa siku nzima nikitafuta hasira niliyokuwa nayo nikaikuta, ila si kubwa kama nilivyoiacha.

Kuhusu bakuli na Baba, sina neno. Hata mimi niliweka chombo cha thamani karibu na jiko kwa sababu ya wasiwasi. Kama Baba angekuwa ananisubiri kitandani, ningenunua gundi hiyohiyo. Na alikufa akikucheka, Mama, hakufa akikudai.

Kuhusu Kayo siwezi kusema si kitu. Ukisikia nimesema hivyo siku moja ujue nimechoka tu. Amekaa miezi mitatu akiamini mikono yake ina ugonjwa. Ameniandikia nisimshikishe mdogo wake vitu. Hilo halitaondoka kwa mimi kumwambia kwamba hana kosa, maana mimi ni mama yake, nitasema hivyo hata angekuwa nalo. Lazima neno hilo litoke kwako, kwa mdomo, na kwa maneno ambayo mtoto wa miaka mitano anaelewa: Bibi alivunja, Bibi alificha, Kayo alisema kweli.

Shangazi Fumi ulimtajia jina la Kayo, kwa hiyo kwake pia utalitoa wewe, kabla ya chai. Sitasema mimi. Nitakaa nyuma yako na Shuhei, karibu, ukitaka kunishika.

Bakuli limeshikana. Siku ya ibada halitanyweka, utomvu bado ni mchanga, na dhahabu itangoja mpaka majani mapya ya chai yachumwe. Nilimwuliza Mzee Bunzo kama pengo la ukingoni nilijaze kwa unga wa udongo na utomvu, maana ndivyo inavyofanywa kipande kisipokuwepo. Akauliza kama kipo. Nikasema kipo. Akauliza kiko kwa nani. Nikamwambia kiko kwa aliyelivunja. Akaendelea kunoa kisu chake, akasema, "Basi mwite alete, akiweke mwenyewe. Utomvu nitamshikia mimi, asije akavimba na ibada iko karibu."

Ninavyohitaji bado kutoka nyumbani ni hivi, na vyote vije na basi la Jumatano tarehe 22, linaloondoka saa tatu asubuhi:

Kile kipande, ndani ya pamba, kwenye kisanduku cha kiberiti. Usikioshe wala usikikwangue, kingo zake nitazisafisha mimi.

Nepi za kitambaa za Shuhei, kumi, ziko chini ya mashuka ya wageni.

Nguo yangu nyeusi ya ibada na mkanda wake, ili Jumamosi turudi moja kwa moja.

Glavu za Kayo za bluu. Atatazama kazi akiwa kizingitini, asiguse utomvu, lakini bakuli likiwa limepanguswa nataka alishike.

Kayo mwenyewe. Umlete wewe, usimtume na mtu. Mkae kiti kimoja. Safari inachukua muda wa saa tatu, inatosha kumwambia na kumjibu maswali yake yote.

Na kile kikombe cha plastiki cha manjano kiache hukohuko. Badala yake niletee bakuli lake la supu.

Chizuru